Kabla ya kufunga puli nyepesi, tafuta mpira

Kijana mmoja aliniletea Toyota Verossa yenye injini ya 1JZ ya silinda sita, mkononi kashika puli ya kranki ya aluminiamu inayong'aa, lile gurudumu la mbele ya injini linalozungusha mkanda. Tukapima kwa mizani ya mama muuza dagaa jirani na gereji: ya kiwandani ilivuka kilo mbili, mpya haikufika hata kilo moja. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hii sikufungii." Nimeshafungua injini ya silinda sita iliyofungwa puli kama ile, nikakuta gia ya oili pampu imepasuka.

Faida ipo. Injini hutumia nguvu kuzungusha vyuma vyake yenyewe. Ukipunguza uzito, hasa ule wa pembeni mwa puli, mzunguko unapanda upesi ukikanyaga mafuta. Utaisikia gia ya kwanza na ya pili. Gia ya tano barabara ya Morogoro, husikii kitu.

Sasa, vua mkanda uitazame puli ya kranki. Ukiona pete nyeusi ya mpira kati ya kitovu na duara la nje, hiyo ni dampa, iache. Kila mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, kranki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, hujipinda kidogo na kurudi. Mpira ndio unaomeza mtikisiko huo, na kranki ya silinda sita, kwa urefu wake, hujipinda zaidi. Ukiutoa, mtikisiko unahamia oili pampu, ambayo kwenye 1JZ imekaa kwenye ncha hiyo hiyo ya kranki. Mwenye gari ya manyuo anayetaka wepesi, bora apunguze uzito wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linaloshikana na klachi.

Puli ikiwa chuma kitupu tangu kiwandani, badilisha, ila kipenyo kilingane na cha zamani. Ikiwa ndogo, alternata inayochaji betri inazunguka taratibu, na wota pampu pia kama inazungushwa na mkanda huo, na foleni ya Ubungo inaweza kukuchemshia gari. Safisha ncha ya kranki, kaza bolti kwa torki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha injini yako. Kisha washa taa na AC, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyaga mafuta, uweke mita kwenye betri: volti 13.5 hadi 14.5 ni nzuri. Ukiona 12.5, alternata haichaji.

Yule kijana nilimrudishia puli yake ya zamani, nikachora mstari wa rangi nyeupe kutoka kitovuni hadi duara la nje. Wiki ya pili mstari ulikuwa umeachana upana wa kidole: mpira umeshaachia. Tukaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta dampa nyingine.