SOMO: Kubeba kiti mwendo kwenye gari dogo

Ndugu zangu, kiti mwendo kikipinda fremu njiani, mwenyewe anakwama ndani mpaka fundi apatikane. Tusikitupe kwenye buti kama gunia la mihogo. Nazungumzia viti vya kusukuma kwa mkono vinavyokunjwa katikati. Vingi vina kilo 15 hadi 20.

1. Mahali pa kusimama. Kigoma ni vilima. Ukisimama kwenye mteremko, kiti kinakukimbia mikono yako ikiwa imemshika mtu. Tafuta tambarare. Ukikosa, vuta hendibreki, weka jiwe kwenye tairi la gari, na kiti ukikingamishe na mteremko.

2. Mtu kwanza. Muulize anapenda kuhamishwaje. Anaujua mwili wake kuliko wewe. Funga breki zote mbili za kiti. Akishakaa siti ya mbele na kufunga mkanda, ndipo ushughulikie kiti.

3. Toa vinavyochomoka: mto, vibao vya kukanyagia, na mikono ya kiti kama inatoka. Vitie kwenye mfuko mmoja ukae ndani ya gari. Mto msiusahau kabisa! Kwa mtu asiyehisi makalio, kukaa bila mto wake ni kukaribisha kidonda cha mgandamizo, na kidonda hicho huchukua miezi kupona.

4. Kunja. Shika kitambaa cha kukalia katikati, mbele na nyuma, vuta juu. Usilazimishe.

5. Nyanyua kwa kushika fremu. Mikono ya kiti inachomoka, magurudumu yanazunguka. Kunja magoti, si mgongo. Ukiwa peke yako, egemeza kiti kwenye bampa, kisha inua upande wa chini.

6. Funga. Buti ya gari dogo kama Toyota IST ni finyu, hivyo mimi hukisimamisha nyuma ya siti ya mbele, breki zikiwa zimefungwa. Popote utakapokiweka, kifunge kwa kamba ipite kwenye fremu, isipite kwenye spoku. Gari likisimama ghafla, chuma hicho kitawarukia watu. Na madumu ya mawese yasikae juu yake.

7. Mkifika, kiti kitangulie kushuka. Gandamiza mabomba ya pembeni ya kikalio kwa viganja, vidole vikielekea ndani ili visibanwe. Rudisha mto na vibao, funga breki, kaza nati zilizolegea. Ndipo mlango wa mwenyewe ufunguliwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Kasulu: Mama ni mzito. Tunaweza kumpandisha kwenye Noah akiwa amekaa kwenye kiti chake?

Hapana, dada yangu. Gari la kawaida halina vifungio vya kukishika kiti sakafuni, na mkanda wa gari hautamkaa sawasawa. Tafuteni ubao laini wa kutelezea kutoka kiti hadi siti, na muwe watu wawili.

Ujiji: Vipi juu ya keria wakati wa masika?

Inawezekana, kaka. Kilaze, funga fremu sehemu nne, funika turubai. Mkifika kausha kitambaa na uweke grisi vigurudumu vya mbele, maana maji na vumbi huviua mapema.

Uvinza: Shikamoo. Mimi natumia baiskeli ya magurudumu matatu, ya kupiga pedeli kwa mikono. Haikunjwi.

Marahaba mwanangu. Hiyo haiingii gari dogo. Panga na mwenye pikapu. Isimame wima, mbele iguse kabini, magurudumu yote yawekewe vizuizi. Na dereva apatane nawe bei ya kuibeba baiskeli kabla hamjaipakia.