Namna ya kumpenda mlevi wa nyumbani bila masharti, na funguo ukabaki nazo wewe

Jumuiya yetu ya sala hapa Marangu, Kilimanjaro, hukutana alfajiri, kabla watu hawajaenda kukata majani ya ng'ombe, na karibu kila familia ina mtu wake ambaye gongo imemshinda. Mimi nina mdogo wangu. Nawaandikia wenye mtu kama huyo, hasa akina mama, maana mzigo huwa unaishia kwetu.

Kwanza tenganisha kumpenda na kumwamini. Upendo anaupata bure, leo, akiwa hivyo hivyo alivyo. Kumkabidhi kitu ni jambo jingine. Soma Marko 10: yule tajiri aliyemjia Yesu mbio. Imeandikwa Yesu "akamkazia macho, akampenda", kisha akamwambia neno gumu, auze vyote alivyo navyo awape maskini, na yule mtu akaondoka kwa huzuni. Yesu hakumkimbilia kumpunguzia bei, wala hatusomi kwamba aliacha kumpenda. Hapo ndipo ninaposimama mtu akiniambia kwamba kumnyima pesa ni kukosa upendo.

Sasa chakula. Sahani yake itengwe pamoja na za wengine, na kama kuna nyama, apate kipande cha maana, asiachiwe mifupa. Akirudi amelewa, mpe ale, alale. Maneno yangoje asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia, chako na chake. Na usimwapishe! Kuna ndugu wanapenda sana kumshikisha mtu Biblia aape kwanza ndipo afunguliwe mlango. Katika Luka 15 yule mwana mpotevu alikuja na hotuba yake tayari, ikiwa na sharti alilojiwekea mwenyewe: "nifanye kama mmoja wa watumishi wako." Alipofika, maneno hayo hayakutoka. Baba alikuwa ameshaagiza vazi, pete, viatu na ndama aliyenona.

Ila endelea kusoma mpaka mwisho, kwa sababu wengi wetu tunaishia kwenye ndama. Urithi ulikuwa umeshagawanywa, na mdogo alishakula wake. Baba anamwambia yule mkubwa, "vyote nilivyo navyo ni vyako." Karamu ilikuwapo, lakini shamba halikugawanywa upya. Sisi tuliolelewa kwenye vihamba, mashamba ya ukoo tunayorithishana, tunajua uzito wa jambo hilo. Kwa hiyo kaka yako akirudi analia, mchinjie kuku, mkumbatie, na hati ya kihamba ibaki ilipo.

Pesa usimpe mkononi. Anahitaji dawa? Nenda naye duka la dawa. Anahitaji viatu? Mnunulie, ukijua anaweza kuviuza jioni hiyo hiyo. Akiviuza, safari nyingine nunua ndala. Stoo ya kahawa ifungwe, na ufunguo usiuweke chini ya chungu, hapo anapajua tangu mtoto. Mwenye kilabu mwambie mapema, mbele ya shahidi, kwamba hutalipa deni la mtu. Mwambie na ndugu yako pia, akiwa mzima, kwa sauti ya kawaida: "Mdogo wangu, hapa utakula na utalala. Pesa sitakupa." Ukishasema mara moja inatosha. Kurudia kila siku ni kumchosha na kujichosha.

Jambo linalonitesa zaidi ni ulimi. Paulo anasema upendo "hauhesabu mabaya", nasi tunayahesabu hadharani, tena kwenye maombi: "Tumwombee ndugu yetu, juzi ameuza bati la banda." Hilo ni umbea uliofumba macho. Ukiomba mbele ya watu, taja jina lake na umwachie Mungu mengine.

Lakini akianza kupiga, mambo yanabadilika. Mke na watoto watoke siku hiyo hiyo, waende kwa ndugu walio salama, na taarifa ifike dawati la jinsia na watoto pale polisi. Asikudanganye mtu kwamba kupenda bila masharti ni kukaa upigwe. Huyo anayepiga bado unaweza kumpelekea chakula mahabusu, na kwa maoni yangu ufanye hivyo.

Halafu kuna ile siku atakayoamka na kusema, "Dada, leo naacha." Usipige vigelegele ukamfungia chumbani na chupa ya maji. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyopo, hata kupata degedege, na wengine hufa. Mpeleke hospitali asubuhi hiyo hiyo, umweleze daktari ukweli wa kiasi anachokunywa bila kupunguza kwa aibu. Mchungaji aitwe, ndiyo, lakini awakute hospitalini. Kitanda chake nyumbani kitandike, kwa sababu huenda akaacha kweli, na huenda akarudi kilabuni kabla ya mwezi kuisha, na vyovyote iwavyo atahitaji pa kulala.