Rangi ya Nywele kwa Mwenye Macho ya Buluu: Namna ya Kuichagua Ukiwa Dar es Salaam

Jambo la kwanza ninalomwomba mteja mwenye macho ya buluu ni kunyanyuka kwenye kiti cha mbele ya kioo na kuja kukaa nami mlangoni, kwenye mwanga wa nje. Taa nyeupe za saluni zetu huuzidisha ubuluu wa jicho na huzifanya rangi za asali na shaba zionekane zimefubaa, kwa hiyo mteja huzikataa papo hapo rangi ambazo zingemkaa vizuri kuliko zote, akachagua nyingine itakayomsuta akishafika barabarani. Saa tatu au saa nne asubuhi, jua la Dar es Salaam likiwa bado halijasimama utosini, ndio wakati mzuri wa kulitazama jicho pamoja na ngozi. Ikifika saa sita mwanga huwa mkali mno, mtu hukunja uso na wewe huoni kitu.

Watu wenye macho hayo si wengi mjini, lakini ni wa aina nyingi kuliko inavyodhaniwa. Wapo wakazi na wageni wenye asili ya Ulaya, ambao huonekana zaidi upande wa Masaki na Oysterbay; wapo machotara; wapo baadhi ya ndugu zetu wenye ualbino ambao macho yao ni ya samawati au ya kijivu; wapo Waafrika wachache weusi waliozaliwa nayo; na lipo kundi la wanaovaa lenzi za rangi kwa ajili ya harusi, sendofu na kicheni pati. Kanuni ya kuwachagulia rangi ni moja, ingawa njia ya kuifikia hutofautiana sana kutokana na nywele alizonazo kila mmoja.

Ndani ya jicho la buluu hamna rangi ya buluu hata tone. Duara linaloizunguka mboni lina melanini kidogo sana kwenye tabaka lake la mbele, hivyo mwanga unapoingia hutawanywa na nyuzinyuzi zilizomo, na sehemu ya buluu ya mwanga huo ndiyo inayorudi kwa wingi kwa anayetazama, jambo linalofanana na lile linaloifanya mbingu ionekane ya samawati. Ndiyo maana macho yaleyale huweza kuwa ya kijivu siku ya mawingu ya masika, kisha yakang'aa siku inayofuata mwenyewe akiwa ufukweni Coco Beach. Muonekano wa jicho la namna hiyo hutegemea mno kilicho jirani nalo, na hakuna kilicho jirani nalo kwa wingi kama nywele.

Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia kazi ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, aliletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwandani hapo hazikolei. Alipochunguza aligundua kwamba nyuzi zenyewe hazikuwa na kasoro, bali weusi wake ulififishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 alichapisha maelezo ya kanuni hiyo: rangi mbili zikikaa jirani, kila moja huisukuma mwenzake kuelekea upande ulio kinyume nayo. Kinyume cha buluu ni rangi ya chungwa. Sipendekezi nywele za chungwa tupu, isipokuwa kwa mtu anayefurahia kugeukiwa na abiria wote wa daladala. Chungwa ninalolizungumzia ni lile lililojificha ndani ya shaba, asali, karameli na kahawia yenye wekundu, ambalo huukoleza ubuluu wa jicho bila lenyewe kupiga kelele.

Ipo njia ya pili, nayo ni ya kuliweka jicho jepesi ndani ya giza. Nywele za kahawia iliyokolea sana, rangi ya kahawa chungu, huufanya weupe wa jicho uwe safi zaidi na ubuluu ujitokeze. Nyeusi tititi hufanya vivyo hivyo kwa nguvu kubwa zaidi, lakini juu ya ngozi nyeupe hukaza sura na huonyesha kila mstari na kila doa, hivyo kwa mtu mweupe aliyevuka miaka 40 mimi huishia kwenye kahawa chungu. Rangi inayoombwa kuliko zote na kustahili kuombwa kidogo kuliko zote ni ile ya jivu. Jivu lina ubuluu ndani yake, na ubuluu ukiwa juu ya kichwa hauachi nafasi kwa ule wa machoni. Uso mzima hupoa, na jicho huzama. Kosa hilo nimelifanya mwenyewe: nilimtia mteja jivu usiku chini ya taa, sote wawili tukaridhika, na kesho yake asubuhi akarudi akiwa anafanana na mtu aliyetoka kuugua malaria. Nilimrudishia rangi ya asali kwa gharama yangu.

Kabla ya kufungua kopo lolote la rangi, jaribu kwa rasta. Hili ni jambo ambalo mji wetu umejaliwa, kwa kuwa pakiti za rasta zilizotundikwa madukani Kariakoo zina namba ambazo kila msusi anazijua kwa kichwa: 1 na 1B ni nyeusi, 4 ni kahawia iliyokolea, 27 ni ya asali, 30 ni kahawia yenye shaba, 33 ni kahawia nyekundu iliyoiva, 350 ni shaba kali, 99J ni damu ya mzee, na 613 ni ile ya manjano nyepesi. Kila mtengenezaji huitafsiri namba kwa namna yake kidogo, kwa hiyo amini macho yako kuliko lebo. Nunua pakiti tatu ambazo zimeachana, kwa mfano 4, 27 na 30, funga nywele zako zote kwa kitambaa cheupe, kisha shusha fungu moja kutoka kwenye kipaji hadi usawa wa taya, likipita karibu kabisa na jicho. Ukilishika begani au juu ya kichwa halikuambii kitu.

Mpambe mmoja wa bibi harusi alinijia akiwa amevaa lenzi za buluu na wigi la 613 alilokwisha kulilipia, akalalamika, "Dada, mbona macho yangu hayaonekani? Na lenzi zenyewe nimezinunua ghali." Nilimvua wigi, nikamkalisha mlangoni, nikamwekea fungu la 613 shavu la kulia na la 30 shavu la kushoto, nikamkabidhi simu yake ajipige picha. Aliziba upande mmoja kwa kiganja, akatazama, akaziba wa pili, akarudia. "Kumbe upande huu ndio yanaonekana!" alisema, kidole kikiwa kwenye 30. Tulimsuka 30 iliyochanganywa na 4, kwa sababu 30 peke yake kichwa kizima ingeshindana na dhahabu alizovaa, na wigi akaenda kulirudisha alikolinunua.

Buluu nazo si moja. Samawati nyepesi hubeba karibu kila kitu chenye joto, kuanzia asali hadi shaba. Jicho la kijivu linalopepesuka kuelekea buluu ndilo linalofaidi zaidi kanuni ya Chevreul, kwani kijivu kikikaa kando ya shaba husukumwa kikaonekana cha buluu kuliko kilivyo, na ukikiwekea jivu hubaki kijivu. Jicho lenye ukijani ndani yake hupenda wekundu, kwa kuwa nyekundu ndiyo kinyume cha kijani, hivyo 33 au damu ya mzee iliyofifishwa humfaa mwenye jicho hilo kuliko asali. Ukiona pete ya dhahabu kuzunguka mboni, ambayo watu wengi wenye macho ya buluu wanayo bila kujua, chagua karameli inayofanana na pete hiyo. Sijawahi kuona chaguo hili likikosea. Buluu iliyokolea haihitaji msaada mkubwa, na kahawa chungu humtosha mwenye nayo.

Baada ya jicho huja ngozi, na hapa ndipo kanuni ya chungwa hupata mpaka wake. Mtu ambaye mashavu yake huwa mekundu kwa joto, na Dar es Salaam joto halikosekani, akitiwa shaba kali huonekana kama aliyeunguzwa na jua hata akiwa kivulini. Huyo abaki kwenye asali au karameli, au aende kwenye kahawa chungu. Badala ya kukagua mishipa ya mkononi, kipimo ambacho kwenye ngozi nyeusi hakionekani vizuri, mimi hutumia kanga mbili, moja yenye rangi ya haradali na nyingine ya zambarau, nikizifunga mabegani kwa zamu. Kanga ya haradali ikiuangaza uso, shaba na asali zitakaa. Ya zambarau ikiuangaza, tafuta chokoleti au damu ya mzee. Kwa mwenye ualbino mara nyingi kazi imekwisha kufanyika, kwani nywele zenye manjano ya majani makavu karibu na macho ya samawati tayari ni kinyume kinachotakiwa, na akitaka mabadiliko, tone la karameli lisilodumu humtosha.

Sasa tuje kwenye nywele zenyewe. Watengenezaji wa rangi huhesabu ngazi kutoka 1, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 10, ambayo ni ya manjano nyepesi sana, na nywele nyingi za Kiafrika huanzia ngazi ya 1 au ya 2. Weusi unapoondolewa, nywele hupita kwanza kwenye wekundu, kisha kwenye chungwa, kisha kwenye manjano. Kwa hiyo mwenye nywele nyeusi anayetaka shaba ameshakwenda nusu ya njia pale tu anapoanza kupausha, na husimama hapohapo, ilhali anayetaka jivu hana budi kuzisukuma nywele hadi mwisho wa manjano, mahali ambapo nywele za kipilipili huanza kukatika. Peroksaidi inayochanganywa na rangi huuzwa kwa nguvu za asilimia 3, 6, 9 na 12, ambazo kwenye chupa huandikwa 10, 20, 30 na 40. Nyumbani usivuke asilimia 6. Ukiwa umeweka dawa ya kulainisha, subiri wiki mbili angalau kabla ya rangi, na kama tayari nywele zinakatika ukizichana, achana kabisa na kupausha, usuke rasta ya namba uliyoichagua. Rasta za plastiki hazishiki rangi ya nywele, kwa hiyo usipoteze fedha kuzitia.

Jambo moja naliuliza kila mtu bila aibu: umewahi kuchorwa piko likakuwasha au kukutoa malengelenge? Piko mara nyingi huwa na kemikali iitwayo PPD, ambayo ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye rangi nyingi za kudumu za nywele, hasa zilizokolea. Mwili uliokwisha kuikataa huikataa tena kwa ukali zaidi, na mteja wa aina hiyo simtii rangi yenye PPD hata akinisihi. Kwa wengine wote, paka tone nyuma ya sikio na usubiri saa 48 kabla ya kuendelea. Hina halisi haina kemikali hiyo, na kwa mwenye nywele nyepesi au mvi inatoa shaba nzuri sana kando ya macho ya buluu. Juu ya nywele nyeusi itatoa mng'aro wa wekundu tu unaoonekana juani. Unaponunua rangi ya kopo, tazama tarehe na alama ya TBS, shirika linalosimamia ubora wa vipodozi nchini tangu mwaka 2019.

Lenzi zivuliwe kabla rangi haijafunguliwa, na zisiazimanwe wala kusafishwa kwa maji ya bomba. Rangi ya nywele isipakwe kamwe kwenye kope wala nyusi, kwani ikiingia jichoni inaweza kumpofusha mtu. Nyusi zichorwe kwa wanja wa kahawia unaokaribiana na rangi mpya ya kichwa, ukiwa umekolea kidogo kuizidi. Wanja mweusi kando ya nywele za asali hugawanya uso vipande viwili.

Rangi za shaba hupauka mapema, na hapa mjini zina maadui wawili walio karibu sana: jua, na maji ya kisima yenye chumvi yanayotumika kwenye nyumba nyingi. Weka ndoo moja ya maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho, osha kwa shampuu isiyo kali mara moja kwa wiki, na ukienda kuogelea Kigamboni lowesha nywele kwa maji matamu na upake kondishena kwanza, ili maji ya bahari yakute nywele zimeshashiba. Baada ya wiki nne au tano rudi kukaa mlangoni asubuhi na lile fungu la rasta ulilolichagua, uliweke kando ya nywele zako, na kama zimekuwa nyepesi kulizidi, ndipo urudishie rangi.