SOMO: Mwalimu wa TSC (tume inayoajiri walimu wa serikali Kenya) anayetaka kuwania kiti cha wadi mwaka 2027, hatua kwa hatua

Tangu shule zifungwe mwezi wa Novemba nimepigiwa simu na kuandikiwa na walimu wenzangu wengi kiasi kwamba sasa naitambua salamu yenyewe: "Mwalimu, shikamoo ya siku nyingi, nina swali dogo." Swali hilo dogo ni lile lile kila mara, yaani kama mwalimu wa serikali anaweza kuwania uwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti bila kuiacha kazi. Naandika mara moja hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo cha somo hili. Niliwania mwaka 2022 nikiwa nimefundisha Kiswahili na Historia kwa miaka kumi na minne, nikawa wa tatu, kwa hiyo someni kama maelezo ya mtu aliyepita njia hii akajikwaa, si ya mheshimiwa.

Hatua ya 1. Hakikisha umeandikishwa kuwa mpigakura. Katiba haidai uwe umeandikishwa katika wadi unayoiwania, lakini utajisikiaje siku ya kura ukiwa huwezi kujipigia?

Hatua ya 2. Kagua kama umesajiliwa katika chama chochote cha siasa. Usiseme "sijawahi kujiunga", kwa sababu mwaka 2021 Wakenya wengi waligundua kwamba majina yao yamo katika orodha za vyama ambavyo hawakuvijua. Msajili wa Vyama vya Siasa ana huduma ya kukagua mtandaoni, na ukijikuta humo bila ridhaa yako, omba kuondolewa kwa maandishi na uhifadhi jibu. Anayetaka kuwa mgombea huru anabanwa zaidi, kwa kuwa hatakiwi kuwa mwanachama wa chama katika miezi mitatu inayotangulia uchaguzi.

Hatua ya 3. Jiuzulu, na ujiuzulu kwa ushahidi. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011, kifungu cha 43, inamtaka afisa wa umma anayenuia kuwania ajiuzulu angalau miezi sita kabla ya siku ya uchaguzi. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa tarehe 9 Agosti, na siku ya mwisho ya kujiuzulu ikawa 9 Februari. Katiba inaweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, ambayo mwaka 2027 ni tarehe 10, kwa hiyo hesabu ya miezi sita inaangukia 10 Februari. Mimi nisingeingoja hata wiki hiyo.

Mwaka ule niliandika barua yangu tarehe 27 Januari, nikaikabidhi kwa mwalimu mkuu ili aipeleke ofisi ya elimu, kama tulivyozoea kupitisha barua zetu zote. Alinipa mkono, akanitakia heri, akaiweka kwenye droo chini ya rejista za darasa la nne, na huko ikalala. Sikufuatilia, maana nilikuwa nimeshaanza kuzunguka wadi nikihudhuria matanga na harambee. Ilipofika ofisini ikagongwa mhuri wa tarehe 14 Februari, siku tano baada ya muda kwisha. Mbaya zaidi, mshahara wa Februari uliingia benki, ukaingia na wa Machi, nami nikautumia nikidhani ni malimbikizo yangu. Mpinzani mmoja akazipata habari hizo, sijui kwa nani, akawasilisha malalamiko kwamba mimi bado ni mwajiriwa wa umma. Nilichookokea ni daftari la karani wa shule, mama mmoja mwangalifu aliyekuwa ameandika kwa kalamu nyekundu tarehe ya kupokea barua yangu na kuniwekesha sahihi pembeni. Malalamiko yalitupwa, lakini nilipoteza siku kumi na moja za kampeni kwenye viti vya kungojea, na ile mishahara miwili nikairudisha kwa awamu hadi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo: andika nakala tatu. Mpe mwalimu mkuu yake kwa heshima, kisha peleka nyingine kwa miguu yako mwenyewe katika ofisi ya TSC, na usitoke humo kabla nakala yako haijagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe inayosomeka. Angalia barua yako ya ajira inadai notisi ya muda gani, na uhesabu muda huo urudi nyuma kutoka Februari. Usiandike "naomba ruhusa ya kuwania". Andika kwamba unajiuzulu, na kuanzia tarehe ipi. Mshahara ukiingia baada ya tarehe hiyo, usiuguse, na uandike siku hiyo hiyo kueleza kwamba umelipwa kimakosa.

Hatua ya 4. Nenda kwenye Sacco yako kabla ya kujiuzulu, si baada. Mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara hautakatika tena, na wa kwanza kupigiwa simu watakuwa wadhamini wako, ambao ndio hao hao uliotarajia wakuombee kura katika chumba cha walimu.

Hatua ya 5. Amua kama utapitia chama au utakuwa mgombea huru. Anayepitia chama atakabiliana na mchujo wa ndani ya chama. Mgombea huru wa wadi anahitaji kuungwa mkono na wapigakura wasiopungua 500 walioandikishwa katika wadi hiyo hiyo, na hao wasiwe wanachama wa chama chochote. Kusanya 800. Mimi nilikusanya sahihi nyingi siku ya soko, na baadaye nikalazimika kufuta jina baada ya jina, huyu amesajiliwa chamani bila kujua, yule ameandikishwa wadi ya jirani ingawa anauza nyanya kwetu kila Alhamisi.

Hatua ya 6. Mgombea huru awasilishe alama yake ya uchaguzi kwa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, angalau siku 21 kabla ya siku ya uteuzi, ambapo tume huwaidhinisha wagombea.

Hatua ya 7. Jaza fomu ya kujitangaza ya maadili ya EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, na uandae ada ya uteuzi. Mwaka 2022 ada ya mgombea wa wadi ilikuwa shilingi 5,000, na shilingi 2,500 kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Subirini tangazo la IEBC kwa ajili ya 2027.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Wadi: Asante mwalimu. Sasa mimi naweza kuchukua likizo bila malipo badala ya kujiuzulu, halafu nikishindwa nirudi?

Mwandishi: Hatua ya 3. Aliye likizoni bado ni mwajiriwa, hata kama halipwi.

Kijana wa Wadi: Lakini jirani yangu aliambiwa na mtu wa ofisi kwamba inawezekana.

Mwandishi: Basi jirani yako amwombe huyo mtu wa ofisi amwandikie hivyo kwa barua yenye mhuri. Nitangoja hapa.

P1 wa Zamani: Mwalimu, nina cheti cha P1 tu, kile cha ualimu wa shule ya msingi, na miaka ishirini na mitano kazini. Nimesikia bila shahada hupiti. Nisijisumbue?

Mwandishi: Jisumbue. Takwa la shahada kwa wawaniaji wa wadi lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2021, na katika uchaguzi wa 2022 hawakudaiwa shahada. Fuatilia tu kama Bunge litabadilisha jambo kabla ya uteuzi. Na ikiwa umetimiza miaka 50, uliza kuhusu kustaafu mapema badala ya kujiuzulu, kwa sababu mambo hayo mawili si sawa kwenye pensheni. Keti na afisa wa pensheni kabla hujaandika chochote, umwombe akuonyeshe hesabu mbili kwenye karatasi moja. Kwa miaka yako ya utumishi, tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko gharama yote ya kampeni.

Mama Chiku: Mimi naajiriwa na Bodi ya shule, mshahara wangu unatoka kwa wazazi. Je, mimi ni afisa wa umma?

Mwandishi: Hili ni swali zuri, nami ningependa wengi wangeuliza hivi. Katiba, ibara ya 260, inaufungamanisha utumishi wa umma na malipo yanayotoka moja kwa moja katika Mfuko wa Jumla wa Serikali au katika fedha zinazotolewa na Bunge. Mshahara unaolipwa na wazazi peke yao unakupa hoja ya kujitetea. Hata hivyo shule ni ya umma, na mpinzani hahitaji kushinda hoja. Anahitaji tu kukukalisha wiki mbili ukijitetea. Ningekuwa wewe ningejiuzulu ndani ya muda ule ule na kuchukua barua ya Bodi inayokiri hivyo.

Mgeni27: Moi alikuwa mwalimu na akaingia siasa moja kwa moja. Mbona sisi tunabanwa?

Mwandishi: Moi aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955. Sheria ninayoieleza ni ya 2011. Umesoma somo?

Mgeni27: Nimepitia juu juu.

Mwandishi: Nilidhani hivyo.

Mwl. wa Hesabu: Kukitokea uchaguzi mdogo katikati ya muhula, hiyo miezi sita itahesabiwaje, ikiwa kifo hakitoi notisi?

Mwandishi: Umeona pengo ambalo watunga sheria pia waliliona. Katika uchaguzi mdogo afisa wa umma hujiuzulu ndani ya siku saba baada ya kiti kutangazwa kuwa wazi. Siku saba ni chache mno kwa mtu mwenye mkopo wa Sacco, kwa hiyo anayekitamani kiti asingojee msiba ndipo apange hesabu zake.

Mama Chiku: Na nikishinda, naweza kuendelea kufundisha vipindi vichache tu? Watoto wa kidato cha nne nitawaacha na nani?

Mwandishi: Mwakilishi wa wadi ni afisa wa serikali, na aliye katika utumishi huo wa muda wote haruhusiwi na Katiba kushika ajira nyingine ya malipo. Nakuelewa kuhusu hao watoto. Mimi niliwaachia wangu daftari la muhtasari wa insha, na mwalimu aliyenirithi bado analitumia.

Mwl. wa Hesabu: Ukishindwa je? TSC wanakupokea?

Mwandishi: Unaomba upya kama mwombaji mwingine yeyote, na foleni mnaijua. Leo nafundisha katika shule ya kibinafsi kwa mshahara pungufu. Nawaambia ili mpige hesabu, si ili mnihurumie.

P1 wa Zamani: Nyongeza kidogo kwa wote. Mtu akikubali kuweka sahihi, mwombe hapo hapo akague usajili wake wa chama kwenye simu yake. Nilimsaidia ndugu yangu hivyo mwaka 2022, hatukufuta jina hata moja.

Mwandishi: Natamani ningekufahamu mwaka ule, kaka.

Kijana wa Wadi: Mwalimu, samahani kwa maswali ya juzi. Nimekwenda ofisini leo asubuhi na nakala tatu. Karani alisema nimwachie atagonga mhuri kesho, nikakataa kuondoka. Nimekaa hadi saa nane, lakini nimeupata.

Mwandishi: Hongera. Je, tarehe inasomeka, au wino ulikuwa umekauka?

Kijana wa Wadi: Mwezi unasomeka. Siku imefifia.

Mwandishi: Rudi kesho.