Somo: Kupima jiji janja kwa ramani ya fikra, mfano mabasi ya Mwendokasi ya Dar es Salaam

Miji mingi inajiita janja kwa kuhesabu kamera, kadi na programu za simu. Mimi nauliza: je, faida yake inamfikia mkazi? Ramani ya fikra inalianika hilo wazi. Ni maduara na mishale: hiki kinasababisha kile. Mwaka 1976 Robert Axelrod aliitumia kuchambua maamuzi ya viongozi wa siasa. Mwaka 1986 Bart Kosko akaipa mishale uzito, na ndiyo tunayochora leo.

Hatua ya 1. Andika swali moja. Letu: nini kinamchelewesha abiria wa Kimara kwenda Kivukoni?

Hatua ya 2. Ongea na mtu mmoja mmoja: abiria, dereva, mkata tiketi, mama lishe wa Gerezani, mhandisi. Usianze na kikao, maana mkubwa akishasema wengine wanaitikia tu. Kila jambo liwe la kuongezeka au kupungua. "Mabasi" haitoshi; andika "idadi ya mabasi barabarani".

Hatua ya 3. Chora mishale. Kimoja kikipanda na kingine kikapanda, weka +. Cha kwanza kikipanda na kingine kikashuka, weka −. Kisha uzito: kidogo 0.2, kiasi 0.5, sana 0.8 au 0.9.

Hatua ya 4. Unganisha ramani zote kwa wastani. Lakini mmoja akisema +0.6 na mwingine −0.6, usichukue wastani: utapata sifuri, na ubishi wenyewe utakuwa umeufuta. Rudi ukawasikilize.

Hatua ya 5. Fuata njia ukizidisha uzito wa mishale yake. Mvua kubwa → maji kujaa Jangwani (+0.8) → Barabara ya Morogoro kufungwa (+0.9) → muda wa kusubiri (+0.8). Jibu ni karibu +0.58. Taarifa za basi kwenye simu → muda wa kusubiri: −0.2 tu. Namba ni za mfano, ila bonde la mto Msimbazi, palipo Jangwani, kufurika si mfano, na karakana ya mabasi ilijengwa humohumo Jangwani. Programu ya simu haizibui mtaro. Ndiyo maana Ramani Huria, mradi ulioanza 2015 ambapo wanafunzi na wakazi walichora mitaa na mitaro ya Dar, kwangu una ujanja kuliko skrini yoyote ya kituoni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mishale ikizunguka na kurudi ilikoanzia, naisomaje?

Jibu: Marahaba. Hesabu alama za −. Zikiwa shufwa, mzunguko unajichochea. Zikiwa witiri, unajituliza. Mapato → matengenezo (+) → mabasi kuharibika (−) → idadi ya abiria (−) → mapato (+). Alama za − ni mbili, kwa hiyo mapato yakianza kushuka yanazidi kushuka. Mzunguko wa namna hii uwekee rangi nyekundu. Hapo ndipo jiji linapoumia huku vifaa vyote vinawaka.

Swali: Lazima kompyuta?

Jibu: Hapana. Maduara yakiwa chini ya 15, karatasi ya manila inatosha. Yakizidi, tumia jedwali la Excel.

Swali: Nihoji watu wangapi, boss?

Jibu: Endelea mpaka watu watatu mfululizo wasikuongezee duara jipya. Ila kabla ya kufunga daftari, hakikisha umemhoji asiyeona vizuri na asiye na simu janja. Duara la "kusoma kibao cha kituoni" mara nyingi huletwa na wao.