Osha Kwanza, Msasa Baadaye: Oili Ndiyo Inayobambua Rangi ya Trekta Kongwe la Bustani

Wenye matrekta madogo ya zamani ya bustani wanarudia kosa moja kila msimu, nalo linawagharimu rangi, muda na nguvu: wanaanza kazi ya kupaka rangi upya kwa kushika msasa, ilhali chuma bado kina oili na grisi. Wengi huamini kwamba msasa ukishapita, uchafu wote umekwisha pamoja na rangi ya zamani. Imani hiyo si sahihi. Msasa hauondoi oili. Unaisambaza kutoka mahali palipokuwa na tone moja hadi kwenye bamba zima, kisha unaisukuma ndani ya mikwaruzo myembamba ambayo wewe mwenyewe umeichora, na ikishafika humo, tambara la kawaida haliifikii tena. Rangi utakayoipaka juu yake itang'aa siku ya kwanza, lakini haijashika chuma. Imekaa juu ya oili.

Mkulima mmoja aliniita nitazame trekta lake miezi mitatu baada ya kulipaka. Alikuwa amejitahidi kweli, na alinieleza kwa uchungu jinsi alivyosugua kwa siku mbili mfululizo. Chini ya injini, pembeni mwa fremu, niliingiza ukucha chini ya ukingo wa rangi, kikabanduka kipande kikubwa kama kiganja bila kukatika. Nilipokigeuza, upande wa ndani ulikuwa na chapa ya mikwaruzo yote ya msasa, mstari kwa mstari, na juu yake utando mwembamba wa oili uliobaki kidoleni mwangu. Msasa wake ulikuwa mzuri, na rangi yake ilikuwa nzuri, lakini alikuwa amebadilisha mpangilio wa kazi. Ilibidi avue rangi yote ya fremu na kuanza upya.

Matrekta haya yana hatari hiyo zaidi kuliko mashine mpya kwa sababu ya umri na kwa sababu ya jinsi yalivyoundwa. Cub Cadet ya International Harvester ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Deere 110 ikafuata mwaka 1963, na mengi ya wakati ule yalifungwa injini za Kohler za mfululizo wa K, zenye bloku la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, na kupozwa kwa hewa. Mashine iliyofanya kazi kwa miongo kadhaa imevuja oili, vumbi na nyasi zilizokatwa vimeshikamana na oili hiyo, na joto la injini limekausha mchanganyiko huo hadi ukawa gamba gumu. Zaidi ya hapo, chuma cha kusubu kina vitundu vidogo sana vinavyonyonya oili na kuitoa polepole kila chuma kinapopata joto. Bamba la boneti halina tabia hiyo, na ndiyo maana utaona boneti limebaki zuri huku giaboksi na ekseli ya nyuma zikitoka magamba.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ni kuziba mivujo. Badilisha sili, yaani pete zinazozuia oili isivuje, za kranshafti (mhimili mkuu wa injini) na za giaboksi, gasketi zilizochoka, na mpira wa bomba la petroli kama umepasuka. Baada ya matengenezo, endesha injini kwa saa moja hadi ipate joto kamili, kisha liegeshe trekta juu ya katoni safi usiku kucha. Ukikuta hata tone moja asubuhi, usinunue rangi bado. Sili inayovuja hupenyeza oili kwenye ukingo wa rangi mpya kila siku, na hakuna rangi ya aina yoyote inayostahimili hali hiyo.

Kuosha kunahitaji subira. Tenganisha betri, funika kabureta, tundu la hewa la giaboksi na vifaa vya umeme kwa mifuko ya plastiki iliyofungwa vizuri, kisha kwangua gamba nene kwa kipande cha mbao au plastiki ngumu. Paka mafuta ya taa au dawa ya kuondolea grisi kwa brashi, uiache kwa dakika 10 hadi 15 bila kuiruhusu ikauke, sugua tena, kisha osha kwa maji ya moto yenye sabuni kali na usuuze kwa maji safi. Mafuta ya taa nayo ni mafuta, kwa hiyo anayeishia hapo bila sabuni amebadilisha uchafu mmoja kwa mwingine. Rudia mzunguko huo wote mara mbili kwenye fremu na boneti, na mara tatu au nne kwenye giaboksi. Nawasihi wanaotumia petroli waache leo: mvuke wake hutambaa chini hadi ukutane na cheche, na mtu ameungua kabla hajajua moto umetoka wapi. Mashine ya maji ya kasi nayo isielekezwe kwenye beringi, sili wala kwenye mfumo wa kuwasha injini, kwa kuwa maji yaliyosukumwa humo hayatoki kirahisi. Maji machafu yakusanywe kwenye beseni, yasimwagwe kwenye vitalu vya mboga wala kwenye mtaro.

Utajuaje kama oili imekwisha? Mwagia maji safi kwenye bamba lililosimama wima, uyatazame kwa sekunde 30. Maji yakitanda kama shuka moja na kuteremka bila kukatika, bamba ni safi. Yakijikusanya matone matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuiacha kavu, hapo pana oili, na unarudi kwenye sabuni. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na hakuna sababu ya kukiruka.

Kwa chuma cha kusubu, ongeza hatua moja. Kikishakauka kabisa na mvuke wote wa dawa umekwisha, kipashe joto kwa mashine ya kupuliza hewa moto, si kwa mwali wa moto, hadi kifikie nyuzi 60 hivi za Selsiasi, yaani huwezi kukiacha kiganja juu yake. Utaona chuma kikipata jasho jeusi. Acha kipoe, osha jasho hilo, kisha rudia mpaka tambara jeupe litoke jeupe. Kwenye giaboksi lililovuja kwa miaka mingi nimeona kazi hiyo ikirudiwa mara tano, na ya tano haikuwa ya bure.

Sasa shika msasa. Namba 80 kwa kutu na rangi iliyokwisha kubanduka, namba 180 kwa kulainisha kingo ambapo rangi ya zamani iliyoshika inakutana na chuma kitupu. Rangi za miaka ile, hasa za njano na nyekundu, zinaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo sugua kwa maji, vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, na watoto wakae mbali hadi vumbi lote likusanywe. Ukitumia dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi, fuata maelekezo ya lebo kuhusu kuisuuza, kwa sababu mabaki yake huzuia praima (rangi ya msingi) nyingi kushika.

Baada ya msasa hufuata kupangusa kwa thina au kwa kiyeyushi cha nta na grisi, na hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukosea. Tumia matambara mawili meupe yasiyotoa nyuzi. La kwanza limelowa. Linapita kwenye eneo lisilozidi ukubwa wa karatasi mbili za kuandikia. La pili ni kavu. Linafuata mara moja, kabla kiyeyushi hakijakauka. Thina huyeyusha oili na kuielesha, lakini haiiondoi. Tambara kavu ndilo linaloibeba. Ukiiacha thina ikauke yenyewe, oili inabaki palepale, imetandazwa vizuri zaidi kuliko mwanzo. Geuza upande wa tambara kila baada ya kipande kimoja, na ulitupe linapokosa upande safi. Kuanzia hapo usiguse chuma kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho na mafuta ya vidole huacha alama ambazo baadaye hutoa kutu yenye umbo la kidole.

Chuma kitupu kipakwe praima ndani ya saa 4 hewa ikiwa kavu, na ndani ya saa 1 au 2 hewa ikiwa na unyevu. Kisilale bila praima hata usiku mmoja. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu wapo wanaosugua trekta zima Jumamosi na kulipaka Jumapili, wakidhani wekundu mwepesi uliotokea usiku ni vumbi. Ule ni kutu mpya. Kama huwezi kumaliza trekta zima kwa siku moja, sugua sehemu utakayoweza kuipaka siku hiyo hiyo. Joto la hewa liwe kati ya nyuzi 10 na 30, na chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 zaidi ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa lugha nyepesi, usipake jioni wala alfajiri.

Bunduki ya rangi ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bamba, kopo la kupuliza sentimita 25 hivi, na kila mkupuo ufunike nusu ya uliotangulia. Kompresa iwe na kichujio cha maji na oili, la sivyo utarudisha kwa hewa kile ulichokiosha kwa siku tatu. Vishimo vidogo vya mviringo vinavyojitokeza kwenye rangi mbichi ni dalili ya oili hiyo. Mikono miwili myembamba ya praima inatosha, dakika 10 hadi 15 kati yake, kisha saa 24 za kukauka na msasa wa namba 320 hadi 400. Rangi ya juu ipate mikono mitatu myembamba. Soma lebo kuhusu muda wa kurudia, kwa kuwa rangi nyingi za mafuta zinataka ama urudie ndani ya saa ya kwanza au usubiri siku 2; anayepaka katikati ya muda huo huiona rangi ikijikunja kama ngozi ya mzee, na hana dawa ila kuivua. Rangi inayochanganywa na haidena, yaani dawa ya kuigandisha, yenye kemikali ya isosaianeti hudhuru mapafu vibaya. Asiye na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba asiipulize.

Kuna mahali ambapo rangi haitakiwi kabisa. Fimbo na springi za kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita gavana, zikigandishwa na rangi, injini inaweza kupaa mizunguko hadi ivunjike. Mapezi ya kupozea yapate mkono mmoja mwembamba wa rangi ya kustahimili joto, si rangi ya boneti. Sehemu ambapo waya hasi wa betri na starta hukutana na chuma zibaki tupu, na vilevile nyuso zinazokaliwa na nati za magurudumu, kwa sababu rangi nene chini ya nati husagika na kuiacha ikilegea.

Kazi ikifanyika sawasawa, tepu ikibandikwa na kuvutwa kwa nguvu baada ya wiki moja haitatoka na rangi.

Baada ya hapo badilisha oili ya injini za Kohler K kila saa 25 za kazi, vua kifuniko cha feni usafishe mapezi nyasi zinapojaa, na petroli ikimwagika ifutwe papo hapo, hasa katika mwezi wa kwanza ambapo rangi bado ni laini ndani. Mkwaruzo ukifika kwenye chuma, uzibwe siku ileile: sabuni kwanza, maji safi, matambara mawili, ndipo kipande kidogo cha msasa.