SOMO: Arduino inawaka taa lakini kompyuta haiioni, au inaiona na bado inagoma kupokea kodi

Wakuu, habari za leo. Arduino ni bodi ndogo ya elektroniki unayoiandikia kodi, yaani maagizo, kwenye kompyuta; Uno na Nano ni aina zake. Ujumbe ninaoupata sana ni huu: "Nimenunua Uno, nimechomeka, taa inawaka, kwenye programu poti haipo." Nimewajibu watu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja.

Kabla hujagusa kitu: usianze kwa kufuta programu ya Arduino na kuiweka upya. Karibu kila mtu huanzia hapo, na karibu kila mara hapo hapana tatizo. Kodi yako inasafiri. Inatoka kwenye programu, inapita kwenye poti (mlango wa mawasiliano) ambayo draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa, imeifungua, inashuka kwenye waya, inafika kwenye chipu ndogo iliyo karibu na tundu la USB, na chipu hiyo ndiyo inayoipeleka kwa chipu kubwa kupitia njia mbili, RX (ya kupokea) na TX (ya kutuma). Kazi yetu ni kujua imekwama kituo gani.

Hatua ya 1: Waya

Niliwahi kupoteza jioni mbili na Nano ya bei poa. Nikaweka draiva mara tatu, nikaazima laptopu ya jirani, nikaitukana bodi. Kumbe waya niliotumia ulikuja na spika ndogo ya kuchaji. Nilipouchana kwa wembe nikakuta ndani nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Waya kamili wa USB wa aina hii una nne: hizo mbili za umeme, na kijani na nyeupe za data. Ndiyo maana taa ya bodi inawaka na kompyuta imekaa kimya. Ile taa inakwambia umeme umefika, basi.

Jinsi ya kuupima: chomeka simu kwa waya huohuo, chagua kuhamisha mafaili, uone kama picha zinatokea kwenye kompyuta. Wenye Uno ya tundu kubwa la mraba mna bahati, kwa sababu waya wake ni uleule wa printa, na waya wa printa hutengenezwa kwa ajili ya data. Wenye Nano ya tundu la mini mtafute waya wa kamera ya zamani. Ukienda Kariakoo usiombe "waya wa USB". Omba waya wa data, na muuzaji auchomeke mbele yako.

Jaribu pia tundu jingine la kompyuta, na uchomeke moja kwa moja, si kupitia kigawanyo.

Hatua ya 2: Kompyuta imeona nini?

Kwenye Windows fungua Device Manager, iache wazi, kisha chomoa bodi na uichomeke tena huku macho yako yakiwa kwenye orodha. Orodha ikitikisika, waya ni mzima. Kikitokea kitu chini ya Ports (COM & LPT), shika namba yake, mfano COM5. Kikitokea na pembetatu ya njano, unahitaji draiva. Isipotikisika kabisa, rudi hatua ya 1, na usione aibu.

Kwenye Linux andika `lsusb` bodi ikiwa imechomekwa, halafu tafuta namba:

- `1a86:7523` ni CH340, chipu iliyoko kwenye bodi nyingi za bei nafuu
- `10c4:ea60` ni CP2102, utaikuta kwenye bodi nyingi za ESP32
- `0403:6001` ni FT232
- `2341:0043` ni Uno R3 halisi

Wenye Mac, `ls /dev/cu.*` kabla na baada ya kuchomeka, mlinganishe.

Draiva ya CH340 chukueni kwa mtengenezaji wake, WCH, si kwenye tovuti zinazotaka uweke kwanza "kisafisha kompyuta". Watu wa Linux msipakue chochote. Draiva iko ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) tayari, inaitwa ch341, na bodi itatokea kama `/dev/ttyUSB0`. Uno halisi hutokea kama `/dev/ttyACM0`.

Hatua ya 3: Linux inapokunyima ruhusa

Ukiona `Permission denied`, mtumiaji wako hayumo kwenye kundi linaloruhusiwa kugusa poti. Kwa Ubuntu na Debian:

`sudo usermod -a -G dialout $USER`

Kisha toka kwenye akaunti na uingie upya. Kufunga dirisha la terminali hakutoshi, na hapa ndipo wengi hurudi kuniambia "nimefanya, haijafanya kazi."

Kuna kisa kingine kinachoumiza kichwa, hasa kwenye Ubuntu 22.04. Unachomeka bodi yenye CH340, `ttyUSB0` inatokea, na sekunde hiyohiyo inapotea. Angalia kwa `sudo dmesg -w`. Ukiona neno `brltty`, mwizi umemkamata. Hiyo ni programu ya kuwasaidia wasioona kutumia vifaa vya nukta nundu, na kuna kifaa cha aina hiyo chenye namba sawa na CH340. Programu inadhani Arduino yako ndicho kifaa hicho, inaikumbatia. Kama nyumbani hakuna anayeihitaji, `sudo apt remove brltty`, chomoa, chomeka.

Hatua ya 4: Poti imeshikwa

`Access is denied` au `busy` maana yake kuna programu nyingine imeifungua poti: Serial Monitor (dirisha la kuongea na bodi) iliyofunguliwa mahali pengine, skripti ya Python uliyoisahau, programu ya printa ya 3D. Ifunge. Poti moja haishikwi na wawili.

Hatua ya 5: Kosa la "not in sync" unapopakia kodi

Hapa poti imefunguka vizuri ila upande wa pili hakuna anayejibu. Hakikisha umechagua bodi sahihi. Kwa Nano, fungua Tools, kisha Processor, uchague ATmega328P (Old Bootloader). Butiloda, yaani ile programu ndogo inayopokea kodi mpya, ya zamani huzungumza kwa kasi ya 57600 na mpya 115200. Nano nyingi za bei nafuu bado zina ya zamani.

Pia chomoa chochote kilicho kwenye pini 0 na 1. Moduli ya Bluetooth HC-05 ikikaa hapo wakati wa kupakia, inaingilia mazungumzo.

Hatua ya 6: Mwangwi

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote. Kwa Uno au Nano, unganisha pini ya RESET na ya GND (upande hasi wa umeme) kwa waya mmoja ili chipu kubwa ilale. Waya mwingine uunganishe pini 0 na pini 1. Fungua Serial Monitor, andika "mambo", bonyeza Enter. "mambo" ikirudi, njia yote hadi chipu ndogo ni nzima, na ubaya uko mbele yake. Isiporudi, chipu ndogo au njia zake zina kasoro.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Dodoma: Habari mkuu. Kodi inaingia vizuri, ila Serial Monitor inaleta alama za ajabu kama maandishi ya majini.

Jibu: Salama kaka. Kasi hazilingani. Kama kwenye kodi una `Serial.begin(9600)`, kwenye dirisha la Monitor pawe 9600 pia. Kama bodi yako ni ESP8266, mistari ya mwanzo itakuwa vurugu tu, kwa sababu inapoamka huongea kwa 74880.

Mwanachama, Mombasa: ESP32 yangu inaandika `Connecting......` hadi inakata tamaa. Shida ni nini jamani?

Jibu: Nukta zinapoanza, shikilia kitufe cha BOOT hadi uone asilimia zinapanda, kisha achia. Ukichoka kushikilia kila mara, weka kapasita ya 10 µF kati ya pini ya EN (ya kuiwasha chipu) na GND, chanya upande wa EN.

Mwanachama, Arusha: Poti ipo, lakini mota ikianza kuzunguka tu inapotea. Nimebadili waya mara mbili.

Jibu: Mota unaiwasha kwa umeme wa USB? Fyuzi ya Uno ni ya 500 mA, na mota inapoanza huvuta kwa nguvu. Volti inashuka, chipu ndogo inazima, poti inaondoka. Mpe mota betri yake na draiva yake (saketi ya kuiendesha, si ile programu ya kompyuta), kisha unganisha GND zote pamoja. Hiyo GND watu huisahau.

Mwanachama, Zanzibar: Shikamoo mwalimu. Nano yangu, mwangwi unarudi, nimejaribu butiloda zote mbili, pini 0 na 1 ziko tupu. Bado "not in sync".

Jibu: Marahaba. Bonyeza RESET uangalie taa ya L. Inapepesa?

Mwanachama, Zanzibar: Ndiyo, mara chache kwa haraka.

Jibu: Basi butiloda iko hai, ila haiamshwi kwa wakati. Kuna kapasita ndogo ya 100 nF kutoka DTR (mstari wa chipu ndogo unaoiwasha bodi upya) kwenda RESET. Huenda imeachia solda. Anza kupakia, na maneno Uploading yakitokea tu, bonyeza RESET kwa mkono na uachie.

Mwanachama, Zanzibar: Mara mbili nimechelewa, ya tatu imeingia! Nimeitazama kwa kamera ya simu, ile kapasita imenyanyuka upande mmoja.

Jibu: Iguse kwa chuma cha solda chenye ncha nyembamba, solda kidogo sana. Ukimaliza jaribu kupakia bila kubonyeza, uniambie.